Chu II au Zero:2 kwa mpiga dramu wa kwaya? Ninazo zote mbili hapa Kigoma

Mkuu, umeandika kwamba unapiga dramu kwenye kwaya huko Gungu, mmechoka na spika za jukwaani kupiga mluzi kila ibada, na hela uliyonayo inatosha pea moja tu ya monita za masikioni (spika ndogo za waya zinazoingia ndani ya sikio): Moondrop Chu II au 7Hz x Crinacle Zero:2. Kwa kazi hiyo chukua Zero:2. Ungekuwa mwalimu wa kwaya anayetaka kusikiliza rekodi na kujua nani anateleza kwenye alto, ningekuambia Chu II. Mimi nakaa kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya kwaya yetu hapa mjini, na kila moja nimeipa kazi yake.

Kwenye maelezo ya kiwandani zinafanana kiasi kwamba ni rahisi kudhani ukichukua yoyote ni sawa. Zote zimetoka 2023, Chu II kwa takriban dola 19 na Zero:2 takriban dola 25, na tofauti hiyo ndogo ikishachanganywa na gharama ya mzigo mpaka Kigoma huioni tena. Zote zina draiva moja (kile kitoa sauti cha ndani) ya milimita 10 kila upande. Waya wa zote unachomoka, ni ule wa pini mbili za milimita 0.78, kwa hiyo waya ukikatika unanunua waya peke yake. Zilipoachana ni kwenye gamba, Chu II ni aloi ya zinki na Zero:2 ni plastiki, na kwenye ukinzani, omu 18 kwa Chu II na omu 32 kwa Zero:2.

Hizo omu usizipite haraka. Ukichomeka zote kwenye simu moja bila kugusa sauti, Chu II inalia kwa nguvu zaidi, na sikio la binadamu linapenda kinacholia zaidi. Fletcher na Munson wa maabara za Bell kule Marekani walilionyesha hili tangu 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwanza. Maana yake ukilinganisha spika mbili zisizolia sawa, ile iliyo chini utaiona haina besi hata kama inayo. Kwa hiyo mimi huwa nacheza mlio mmoja mtulivu wa hezi 1000, nasikiliza pea ya kwanza, nahamia ya pili, napandisha au kushusha mpaka zilingane, naandika kiwango cha kila moja pembeni. Hapo ndipo muziki unaanza. Mtu akikuambia hii ina besi kuliko ile, muulize kwanza kama alisawazisha sauti.

Nilichosikia baada ya kusawazisha ni hiki. Nina rekodi za kwaya yetu ambazo kila maiki imerekodiwa peke yake, na mle nawajua waimbaji wote kwa sauti zao. Kwenye Chu II soprano na alto zinakaa mbalimbali, unasikia mpaka pumzi wanazovuta kabla ya ubeti. Gitaa la solo kwenye sebene, zile nota zinazokimbizana tulizozizoea huku tunakopakana na Kongo kwa maji, unazihesabu moja moja. Besi ipo, imenyooka, ila ni nyembamba. Herufi za s na sh kutoka kwa mwimbaji aliyeikaribia maiki zinachoma kidogo, na kwa masikio yangu sizivai Chu II muda mrefu nikiwa nimepandisha sauti.

Zero:2 inajenga kutoka chini. Dramu ya mguu ina mwili, gitaa la besi unajua liko nota gani, na waimbaji wa besi wanasikika kama wanaume wazima. Sauti za juu zimelainishwa kiasi, s hazichomi, ingawa alto mbili zikiimba karibu karibu zinaanza kuungana. Crinacle, yule mchambuzi anayejulikana kwa kupima spika za masikioni nyingi mno, ndiye aliyeshiriki kuipangia sauti, na besi iliongezwa ukilinganisha na Zero ya kwanza ya 2022. Zote mbili hazijaenda mbali na ule mpangilio wa besi na sauti za juu ambao watafiti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, akiwemo Sean Olive, waliupata kwa kuwauliza wasikilizaji wanapenda nini. Chu II imepunguza chini, Zero:2 imeshiba chini.

Sasa wewe ni mpiga dramu. Unachohitaji kusikia katikati ya wimbo ni dramu yako ya mguu, gitaa la besi na mwongoza wimbo. Matasa yako utayasikia tu, yako nusu mita kutoka usoni. Chu II itakuongezea kule juu ambako tayari kumejaa, na mkono wako utakwenda kwenye kitufe cha sauti kutafuta besi. Hapo ndipo masikio yanapoharibika. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila unapoongeza desibeli 3 muda huo unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Mazoezi ya Jumamosi pamoja na ibada ya Jumapili zinamaliza hizo saa 5 bila wewe kujua. Pea inayokupa besi bila kupandisha sauti inakulinda, na kwangu hiyo ni sababu kubwa kuliko utamu wa muziki.

Lakini yote haya yanakufa ikiwa spika haijaziba sikio. Besi ya hizi spika ndogo inategemea hewa iliyofungwa kati ya draiva na ngoma ya sikio, na upenyo mdogo tu unaiondoa yote. Nimeshampa rafiki Zero:2 akanirudishia akisema haina besi. Nikambadilishia vipira, nikaingiza vile vikubwa, akanyamaza akaanza kutikisa kichwa. Jaribu saizi zote zinazokuja kwenye boksi, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Vuta sikio juu na nyuma, ingiza, iachie ikae. Kisha tafuna kama unakula ugali huku muziki unacheza. Besi ikiruka ruka, vipira havijakufaa. Gamba la plastiki la Zero:2 ni jepesi, na mtu anayetikisa kichwa akipiga dramu anaufaidi huo wepesi, ingawa masikio yetu hayafanani na huenda kwako Chu II ikakaa vizuri zaidi. Kama kuna mtu karibu yako anayo mojawapo, omba uivae kabla ya kulipa.

Kwenye mikisa kuna tofauti nyingine. Mikisa nyingi za bei ya kwaya zina mvumo wa shii kwenye tundu la hedifoni. Chu II inausikia haraka, hasa sala ikiwa imetulia na hakuna anayeimba. Kwenye Zero:2 mvumo huo unazama. Pia simu ina programu za kurekebisha sauti, kwa hiyo Chu II nikiwa nyumbani naiongezea besi na inaipokea vizuri bila kukoroma. Kwenye tundu la hedifoni la mikisa ya kawaida hakuna marekebisho ya masikio yako peke yako, unapata spika ilivyo. Ukizisikiliza nyumbani na simu yako haina tundu la waya, utahitaji adapta ya kuchomeka kwenye tundu la chaji.

Usishawishike na zile zisizo na waya za bluetooth kwa kazi ya jukwaani, hata ukipewa bure. Sauti yake mara nyingi inachelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo, kwa hiyo mguu wako utausikia umechelewa zaidi ya moja ya tano ya pigo. Kwaya nzima itakufuata kwenye kuchelewa huko.

Kuunganisha: tumia tundu la aux (njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye mikisa) ambalo halifuati vitelezi vya spika za waumini, ili fundi akimshusha mwimbaji huko nje, wewe usimpoteze. Matundu ya mikisa huwa ni yale manene ya milimita 6.35, tafuta adapta ya kwenda 3.5. Kumbuka aux peke yake mara nyingi haina nguvu ya kuendesha spika za masikioni, inataka ampli ndogo ya hedifoni ipite katikati. Kabla ya kuvaa, shusha kitufe chote, vaa, ndipo upandishe taratibu. Maiki ikidondoka chini wakati umevaa, kishindo chake kinaingia moja kwa moja sikioni, hakuna ukuta wa kukipunguza. Kama mikisa yenu ina limita, yaani kizuizi cha sauti kupita kiwango, iwashe kwenye njia yako hata kama fundi atalalamika.

Utunzaji hauna mambo mengi. Joto la huku na jasho la dramu vinaingia kwenye wavu mdogo wa mdomo wa spika, na maji yakiganda pale upande mmoja unafifia. Ukivua, futa kwa kitambaa kikavu, toa vipira, acha vipate hewa kabla ya kufunga kwenye mkebe. Usizipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Waya uzungushe kwa ulegevu, usiukunje kwenye kona ya pini.

Kuhusu kuzipata, madukani Mwanga nimeona za simu za kawaida tu, hizi sijaziona. Zangu niliagiza, zikapitia Dar na kupandishwa basi. Duka moja la mtandaoni liliwahi kuniletea waya wa ziada wenye pini nyembamba kuliko 0.78, ukawa unalegea, kwa hiyo muulize muuzaji kipimo hicho kwa maandishi kabla ya kutuma hela.

Tuandikie mikisa yenu ni ya aina gani na ina aux ngapi. Ikiwa ni moja tu na mpiga kinanda naye anataka kusikia, bado inawezekana mkagawana njia hiyo kwa ampli ya hedifoni yenye matundu manne, kila mtu na kitufe chake.