Kabla hujajaza fomu ya ubingwa wa usingizi

Kila mwaka, intani (mazoezi ya daktari baada ya chuo) ikikaribia kuisha, vijana wawili watatu hunifuata na swali lilelile: "Daktari, nisome usingizi?" Yaani ubingwa wa kumlaza na kumlinda mgonjwa wakati anapasuliwa. Wiki iliyopita mmoja alinisimamisha koridoni hapa Moshi akanipa sababu zake. Hapendi raundi za wodini. Maelezo marefu ya wagonjwa na ndugu zao yanamchosha. Anaona kwenye usingizi mgonjwa analala, wewe unakaa, kazi inaisha, unakwenda nyumbani. Nilimjibu kwamba kama sababu ni hizo, asije. Sikupata muda wa kumweleza vizuri, ndiyo maana naandika.

Nianze na hilo la kuongea. Ni kweli mgonjwa unampata kwa dakika chache tu, jioni ya kuamkia upasuaji. Lakini ndani ya dakika hizo, mtu asiyekufahamu anatakiwa akukabidhi pumzi yake. Huku kwetu nusu kaputi inaogopwa kuliko kisu. Wengi hawaulizi watapasuliwa wapi, wanauliza, "Nitaamka?" Na wewe unatakiwa umjibu kwa ukweli, bila kumtisha, huku ukimchimba akupe habari zitakazomlinda.

Kuna mzee mmoja alikuja kufanyiwa upasuaji wa ngiri kubwa. Alishaelezwa: chakula mwisho masaa sita kabla, maji matupu mwisho masaa mawili. Nikamwamkia, nikamuuliza kama amekula chochote asubuhi. "Sijala kabisa, daktari." Nilishageuka niondoke, sista aliyemsindikiza akamuuliza taratibu, "Na mtori, babu?"

"Ah, mtori nimekunywa. Mama aliniletea bakuli moja tu."

Mzee hakudanganya. Mtori unanywewa, na mimi niliuliza kuhusu kula. Ule mtori mzito wa ndizi na nyama ungeweza kupanda kutoka tumboni ukaingia kwenye mapafu wakati hana hata nguvu ya kukohoa. Tulimwahirisha. Tangu siku ile nauliza kimoja kimoja: chai, uji, mtori, maziwa, mbege. Asiyependa maongezi ya namna hii atamdhuru mtu siku moja, hata awe na mikono mizuri kiasi gani.

Mimi mwenyewe nilitaka upasuaji. Kilichonigeuza ni usiku mmoja wa intani, mjamzito alipoletwa thieta kujifungua kwa upasuaji. Aliyemchoma sindano ya mgongo alikuwa muuguzi wa usingizi, mtu mzima, sote tulimwita Mama. Tukamlaza mgonjwa. Mpira wa presha ulikuwa bado unajaa hewa mkononi mwake alipopiga mwayo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nasikia kichefuchefu."

Mimi nikaanza kutafuta bakuli la kutapikia. Mama hakutafuta bakuli. Mkono mmoja ulishaanza kusukuma efedrini, dawa ya kupandisha presha, ambayo aliivuta kwenye bomba la sindano kabla hata hajagusa mgongo wa mgonjwa. Kwa mkono wa pili aliisogeza taulo iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia, tumbo liegemee kushoto. Ndipo mashine ikasoma: 70 kwa 38.

Baadaye, tukinywa chai, alinifafanulia. Ganzi ya mgongo hulegeza mishipa, damu ikabaki miguuni. Mji wa mimba nao unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha ikishuka ghafla, mgonjwa huanza kusikia kichefuchefu, na mara nyingi atakuambia yeye kabla mashine haijasema. Dakika mbili baada ya ile dawa, mjamzito yule alikuwa anauliza kama mtoto ameshatoka. Daktari wa upasuaji alikuwa bado anapanga vitambaa, na hakujua kwamba kulikuwa na jambo.

Jiulize kwa dhati kama hilo lingekutosha. Asubuhi ndugu walikuja kushukuru, na waliyemshukuru ni aliyepasua. Wala sio kosa lao, ndiye waliyemwona. Mwanzoni niliumia, sitaficha. Kama moyo wako unaishi kwa kuitwa "daktari wangu" na watu mtaani, chagua watoto au magonjwa ya ndani, na utakuwa umechagua vizuri.

Kitu kingine ni kurudiarudia. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, umeme ulikatika katikati ya upasuaji wa mtoto. Mashine ya kuzalisha oksijeni ikazima, na mtungi wa akiba uliosimama ukutani ulikuwa mtupu. Tulimpulizia hewa kwa mkono, kwa Ambu, ule mfuko wa kukamua, mpaka jenereta ikawaka. Mtoto mdogo oksijeni yake huisha haraka sana kuliko ya mtu mzima, hakupi muda wa kufikiri. Alipona. Lakini asubuhi ile niliangalia kwamba mtungi upo, sikufungua kuona geji. Kosa hilo lilikuwa langu, na nalikumbuka kila nishikapo spana ya mtungi. Ukaguzi huo ni uleule Jumatatu na Ijumaa, mwaka huu na mwaka ujao. Kuna watu makini kabisa wanaochoshwa nao, na ni vizuri mtu ajijue mapema.

Kuhusu ajira usiwe na wasiwasi. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linataka angalau madaktari 5 wa fani hii kwa kila watu 100,000, na Tanzania tuko mbali sana na hapo. Maana yake kazi utaipata, na simu ya saa nane usiku utaipata pia. Utahitajika chumba cha wagonjwa mahututi kama unavyohitajika thieta. Ila kibao chenye jina lako nje ya kliniki pale Kijenge au Soweto ni vigumu, kwa sababu wagonjwa wako wanatoka kwa daktari mwingine. Na kama uliwahi kupambana na pombe au vidonge, zungumza na mtu unayemwamini kabla ya kuingia. Sisi tunashika fentanili na ketamini, dawa kali za maumivu na usingizi, kila siku, na fani hii imepoteza watu wazuri kwa njia hiyo.

Kijana yule nilimwambia aombe wiki mbili thieta kabla ya kujaza fomu. Afike kabla ya kila mtu, akague mashine na wauguzi wa usingizi, maana hao ndio wanaobeba kazi hii wilayani, na wameona mengi kuliko sisi. Achague upasuaji mmoja mrefu, mgonjwa ametulia, akae kwenye kile kiti cha kichwani masaa manne bila kushika simu. Alale zamu mbili za usiku. Halafu kila mgonjwa amfuate mpaka chumba cha kuamkia, amwite jina, asubiri afumbue macho na kujibu. Nimemwomba aniambie, ikifika siku ya kumi, bado anasubiri lile jibu au anaangalia saa.