Kwenye ganda la embe: vijidudu, vimelea au chachu?

Mwalimu mmoja wa sayansi kaniandikia, anaandaa somo kuhusu vile viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyokaa juu ya tunda, akaandika "jumuiya ya vimelea wanaoishi kwenye ngozi ya embe". Mwenzake kakataa, kamwambia aandike vijidudu. Nani yuko sahihi?

Mwenzako yuko sahihi mwalimu wangu, lakini wewe nawe hukulitoa neno hewani. Kimelea kinatokana na kumea, ni kitu kilichomelea juu ya kingine, kwa hiyo ukilisoma neno lenyewe tu unaona kabisa linakaa vizuri pale kwenye ganda. Shida ni matumizi. Siku hizi ukisema vimelea kila mtu anawaza malaria na minyoo, yaani kiumbe kinachomnyonya aliyekibeba, na wengi wa hao walio juu ya embe hawalinyonyi embe chochote, wamekaa tu pale wanakula visukari kidogo vinavyovuja na vumbi lililotua. Ukiwaita wote vimelea mtoto atatoka darasani anaogopa matunda, na hilo linaniuma kweli.

Kwa hiyo jina la wote kwa pamoja ni vijidudu, halafu ndani yake unataja bakteria, hamira na kuvu. Kimelea mwachie anayestahili. Wakulima wa maembe wanaujua ugonjwa wa chule, yale madoa meusi, ule unaletwa na kuvu anayeingia tunda likiwa bado changa anatulia kimya mpaka embe liive ndo anajitokeza, huyo sasa ni kimelea hasa.

Upatanisho wa kisarufi: wana uhai, basi andika vijidudu wanaishi, kama tunavyosema kiboko anakula. Mdomoni wengi tunasema vinaishi na sioni kosa kubwa, ila kwenye notsi za wanafunzi shika moja usichanganye. Jumuiya nayo ibadilishe iwe jamii, maana jumuiya ni watu wamekaa wakakubaliana, kama ile ya Afrika Mashariki. Na tunda halina ngozi, lina ganda.

Sasa neno ambalo ningependa ulitumie na hukulitaja kabisa ni chachu. Siku hizi tunalisikia kwenye hotuba tu, chachu ya maendeleo, chachu ya mabadiliko, tumesahau kwamba ni kitu cha jikoni, kile kinachofanya uji uchachuke. Na chachu mara nyingi inapatikana kwenye tunda lenyewe! Angalia muratina ya Wakikuyu na Wakamba, wanachukua lile tunda refu la mwegea lililokaushwa wanalitia kwenye maji ya asali, pombe inaanza kuumuka, wakimaliza wanalitoa wanalianika juani wanalitunza kwa mara nyingine, kwa sababu hamira wamejificha mle kwenye nyuzinyuzi zake. Wazee hawakuwa na darubini lakini walijua kazi inafanyika wapi. Na mwaka 1878 kule Arbois, Ufaransa, mwanasayansi Louis Pasteur aliifunika mizabibu kwa vibanda vya kioo kabla zabibu hazijaiva, mashada mengine akayafunga pamba, na juisi ya zabibu zile zilizofunikwa ikagoma kuchacha. Chachu ilikuwa inatoka nje, inatua juu ya ganda. Mpe mwanafunzi mifano hiyo miwili, neno chachu halitamtoka tena.

Ila kuchacha usikuchanganye na kuoza. Wali wa jana ukinusa una uchachu-uchachu umechacha, embe likilainika linatoa maji na harufu mbaya limeoza, na lile lililoota manyoya meupe au ya kijani limefanya ukungu, kuna wanaosema kuvu, pwani utasikia pia koga, yote sawa.

La mwisho, umeandika kwamba ule unga mweupe juu ya zabibu ni ukungu. Chukua zabibu moja ya Dodoma, ipitishe kidole gumba, utaona pale ulipogusa pamebaki peusi panang'aa na kidole kimeteleza kidogo kama umegusa mshumaa. Ile ni nta, zabibu inajitengenezea yenyewe isikauke. Andika nta.