Rezista ya Feni Imeungua Tena? Shika Mota Kwanza

Kwenye gari, feni inayopuliza hewa ya AC ndiyo hiyo hiyo inayopuliza hewa ya hita. Ikifa ukiwa Dar es Salaam utaijua kwa jasho. Ikifa huku Njombe mwezi wa saba, utaijua kwa kioo cha mbele. Mimi niliijua saa kumi na moja alfajiri kwenye barabara ya Makambako, mama yangu akiwa kiti cha pembeni anawahi kliniki. Nje baridi kali na ukungu, ndani pumzi zetu wawili. Feni iliponyamaza hazikupita dakika tano kioo kikawa cheupe kwa ndani. Mama akavua kitenge alichojitanda akawa anafuta, na kila akimaliza upande mmoja, wa pili umeshaziba. Lori lililotoka mbele yetu nililiona kama taa mbili zinaelea. Sikujua liko upande gani wa barabara. Nikatoa gari nje ya lami, nikawasha hazadi, tukakaa hapo hadi kulipokucha.

Gari lilikuwa limeshanipa taarifa kwa miezi mitano, na nilikuwa nimelipia matengenezo mara mbili. Ndiyo maana naandika. Wenye magari ya zamani wengi wanazunguka mduara huu huu: rezista, kile kifaa kinachoipunguzia feni kasi, inaungua, inabadilishwa, inaungua tena, na hakuna anayeuliza kinachoiunguza.

Langu ni saluni ya Kijapani ya mwaka 1998, usukani kulia, feni ya kasi nne. Mwezi wa pili kasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikufa kwa mpigo, ikabaki ya nne peke yake. Fundi umeme akasema, "Kaka, hiyo rezista tu." Kweli ilikuwa imeungua. Akafunga nyingine ya mtumba kwa elfu kumi na tano, kazi ya dakika ishirini, tukaagana. Wiki tano baadaye hali ikajirudia. Akafunga nyingine, nayo haikumaliza mwezi. Katikati ya hapo feni ilianza kulia asubuhi, sauti nyembamba kama ya kifaranga, ikishapata moto inatulia. Ile sauti ndiyo iliyokuwa habari yenyewe, na hakuna aliyeisikiliza, mimi wa kwanza.

Rezista ya feni ni kitu rahisi sana kukielewa. Ni waya uliozungushwa kama springi, vipande viwili au vitatu vilivyoungana kwenye kibao kidogo. Ukiweka kasi ya kwanza, umeme wa mota unapita kwenye springi zote, nguvu nyingi inaishia pale kama joto na mota inazunguka polepole. Kasi ya pili inapita springi chache zaidi, ya tatu chache zaidi, ya nne haipiti popote kwenye rezista, inakwenda moja kwa moja. Ndiyo maana rezista ikiungua kasi ya juu hubaki nzima. Na kwa kuwa zile springi hupata moto sana, watengenezaji wameziweka ndani ya njia ya hewa, feni iwe inazipoza yenyewe. Nyingi zina pia kifyuzi kidogo cha joto kinachokatika zikizidi kuchemka.

Sasa fikiria mota ambayo bushi zake, vile vipete vinavyoshika mhimili wake, zimekauka mafuta. Inazunguka kwa shida, kwa hiyo inavuta umeme mwingi kuliko kawaida. Joto la kwenye rezista haliongezeki sawa na umeme: umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Na kwa sababu feni ni nzito, upepo wa kuipoza umepungua wakati huo huo ambapo joto limepanda. Rezista hapo haina namna ya kupona, hata ukiinunua mpya dukani ikiwa bado kwenye boksi.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha tatizo lako ni la feni. Kama upepo unatoka vizuri ila ni wa baridi, feni haihusiki. Tazama maji ya rejeta, mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na kabini kama yote inapata moto, na themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Hili la themostati nalisema kwa uchungu. Magari mengi yaliyotumika Pwani yametolewa themostati na mafundi wanaoamini kwamba wanaisaidia injini isichemke. Ukilileta gari la namna hiyo huku juu, injini haifikii joto lake, hita inatoa hewa ya uvuguvugu na mafuta yanaliwa. Langu nalo lilikuwa hivyo nilipolinunua. Rudisha themostati.

Kama upepo ndio hautoki, anza na fyuzi na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Kifuniko cha boksi la fyuzi kina mchoro, tafuta palipoandikwa HEATER. Fyuzi ikiwa nzima, chukua taa ya kupimia, geuza swichi ya ufunguo hadi hatua ya pili bila kuwasha injini, weka feni kasi ya nne. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90, chanya inafika kwenye mota kupitia rilei, na rezista pamoja na swichi ya kasi vimekaa upande wa hasi. Hilo linakupa kipimo kizuri: ukiwa na soketi ya mota imechomekwa, gusa waya mmoja kwa kuingiza ncha nyuma ya soketi, uone una umeme. Kama upo, chukua kipande cha waya mnene, unganisha ule waya wa pili na bodi ya gari. Feni ikizunguka kwa nguvu, mota inafanya kazi na tatizo liko kwenye swichi au nyaya za upande wa hasi, au kwenye rezista kama zilizokufa ni kasi za chini tu. Isipozunguka, mota au soketi yake. Uwe na uhakika ni waya upi. Ukiugusisha ule wa chanya kwenye bodi umeunguza fyuzi.

Kwangu umeme ulikuwa unafika kwenye soketi lakini taa inafifia. Nikaamua kushusha mota mwenyewe Jumamosi moja, nikiwa na jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya umeme wa mitambo kwa miaka mingi. Unaanza kwa kufungua tamino ya hasi ya betri, spana namba kumi. Halafu unatoa droo ya dashibodi upande wa abiria: ukiisukuma kingo zake kwa ndani, zile nundu za plastiki zinapita na droo inaanguka. Nyuma yake utaona kitu cha duara kama bakuli limeangalia chini. Hiyo ndiyo mota. Kuna soketi moja na skrubu tatu, na ile ya nyuma kabisa huioni, unaifungua kwa kupapasa. Ingiza mkono taratibu, kuna kingo za bati zinazokata.

Soketi ilivyochomoka nilikaa kimya. Plastiki iliyokuwa nyeupe ilikuwa ya kahawia, na tundu moja lilikuwa limeyeyuka likawa na umbo la chozi. Waya wa tundu hilo ulikuwa mgumu kama kijiti. Nilipoukunja, ganda lake likapasuka na kudondoka vipande. Moto mdogo ulikuwa umewaka pale mara ngapi, sentimita chache kutoka kwenye magodoro ya dashibodi, na watoto wangu wamekaa nyuma.

Mota ilipotoka ilitoka na nusu ndoo ya uchafu. Majani ya miti ya miwati yale madogo madogo yaliyosagika yakawa kama tumbaku, sindano za misonobari, na kwenye kona kiota cha panya kilichofumwa kwa sponji ya kiti changu mwenyewe. Magari ya umri huu mengi hayana chujio la hewa ya kabini, kwa hiyo kila kinachoanguka chini ya waipa kinaishia pale. Nililiegesha gari chini ya miwati miaka miwili.

Mzee akaichukua mota, akaizungusha kwa kidole kimoja. Ikaenda robo mzunguko ikasimama. Akaniambia, "Mwanangu, hii ndiyo inakula rezista zako. Nzima ukiizungusha inatakiwa iendelee yenyewe kidogo." Kipimo hicho hakihitaji mita wala fundi, na nakuomba ukifanye kabla hujanunua rezista ya kwanza. Shika gurudumu la feni, zungusha. Sikiliza kama inakwaruza. Litikise juu na chini. Likicheza, bushi zimekwisha.

Tulisafisha kwa brashi ya meno na dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme. Usitumie petroli, mota inatoa cheche ndani yake. Tukaweka matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye kila bushi. Grisi hapana, inashika vumbi na kuganda. Feni ikawa laini na kimya, nikafurahi, na kilio kikarudi baada ya wiki sita. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zilikuwa zimebaki fupi na sehemu zinapogusa imechimbika. Mafuta ya cherehani yanakununulia muda wa kutafuta mota, basi.

Rafiki yangu anayefunga sola ana mita ya kubana waya inayopima umeme wa betri. Tulipima mota yangu ikiwa imefungwa mahali pake, kasi ya nne, ikasoma ampea 24. Mota ya mtumba niliyoinunua baadaye, mahali pale pale, ilisoma 15. Ukiweza kupata mita hiyo, itumie: ukiona mota mpya uliyoletewa nayo inavuta sana, irudishe kabla rezista haijalipa.

Ukienda kununua mota ya mtumba, nenda na ya kwako mkononi. Linganisha soketi, matundu ya skrubu, kipenyo na urefu wa gurudumu la feni, na inakozungukia. Kuna mota zinazofanana kabisa ila moja inazunguka kulia na nyingine kushoto. Ukifunga isiyo yake utasikia mlio wa upepo na hewa kidogo sana itatoka. Mwambie muuzaji aiunge kwenye betri hapo hapo. Usikubali "hii ni nzima, chukua tu". Na kama hita yako ni ya kubonyeza vitufe yenye AUTO, kuna uwezekano mkubwa huna rezista ya springi bali transista iliyogongewa bati la mapezi ya kupozea. Hizo mbili hazibadilishani.

Soketi iliyoyeyuka usiirudishe. Wengi hapa ndipo wanapoharibu: mota mpya, rezista mpya, soketi ile ile iliyolegea. Tundu lililolegea linatengeneza joto lake lenyewe. Kata nyaya hadi ufikie shaba inayong'aa, tafuta soketi nyingine yenye nyaya za unene ule ule kutoka gari bovu, lehemu, kisha vika mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu ya umeme hakutoshi kwenye mzigo wa ampea 15.

Fyuzi ikikatika usiikuze wala usiiruke kwa waya. Nimeona gari lililofungwa kipande cha waya wa uzio mahali pa fyuzi ya hita. Fyuzi iliyokatika imekuokolea dashibodi. Itafute sababu.

Gharama yangu yote mwishoni: mota elfu arobaini na tano, rezista elfu kumi na tano, soketi nilipewa bure. Zile rezista mbili za mwanzo ni elfu thelathini nyingine iliyopotea. Kwa mpangilio wa kazi, mota inatangulia, soketi inafuata, rezista ndiyo ya mwisho kufungwa.

Kwa ambaye feni yake imekufa leo na kesho ana safari ya alfajiri: ahirisha mpaka jua litoke kama inawezekana. Kama haiwezekani, fungua hewa ya nje badala ya ile inayozunguka ndani, elekeza kwenye kioo, joto weka mwisho. Gari likiwa mwendoni hewa kidogo itasukumwa yenyewe hata bila feni. Teremsha vioo vya pembeni kwa vidole viwili, baridi mtavumilia. Usiku uliotangulia paka kioo kwa ndani sabuni ya maji kidogo sana, kisha kisugue kwa kitambaa kikavu hadi king'ae. Ukungu unachelewa kushika. Usifute kwa kiganja, kinaacha mafuta yanayotawanya taa za wanaokuja. Na siku feni itakapopona, bonyeza AC pamoja na hita: AC inakausha hewa na kioo kinasafika haraka kuliko hita peke yake.

Kabla sijarudisha droo nilipanda upande wa boneti nikafungua ile plastiki ya chini ya waipa. Kwenye tundu la kuingizia hewa nilifunga wavu wa chuma wenye macho mapana kama tambi nene, nikaubana kwa skrubu. Wa mbu usiweke, unaziba kwa vumbi na feni inakosa hewa. Nilifunua tena juzi baada ya mvua za masika. Majani ya miwati yalikuwa yamelala juu ya wavu, kiasi cha viganja viwili, na chini yake bomba lilikuwa safi.