Sista Ajibu: Kiraka cha ng'ombe kichwani mwa mwanangu

As-salaam aleykum Sista, na shikamoo. Mwanangu wa miaka 19 aligongwa na pikipiki Changamwe. Fuvu lilivunjika, akapasuliwa usiku ule ule, na kipande cha mfupa kilichotolewa kimehifadhiwa chini ya ngozi ya tumbo lake. Sasa daktari anataka kukirudisha. Anasema utando wa ubongo ulichanika na maji yanavuja, kwa hiyo atautia kiraka kilichotengenezwa kwa ng'ombe. Aliniambia ni kitu cha asili, nisiwe na hofu. Shemeji yangu anasema kitamtia kijana kichaa cha ng'ombe. Jirani anaapa kwamba ni nguruwe. Kaka yangu naye ananiletea kwenye simu habari za jeli ya maganda ya kamba na mwani inayootesha ubongo upya, anasema tungoje hiyo. Karatasi ya kukubali upasuaji iko mkobani, sijatia sahihi.
Mama wa Likoni

Wa aleykum salaam mwanangu, marahaba. Pole sana kwa kijana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hiyo karatasi iliyo mkobani ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Miaka 27 nilisimama upande wa vyombo katika vyumba vya upasuaji vya mji huu, kwa hiyo nianze na kitu chenyewe, maana nahisi hakuna aliyekuonyesha. Huja katika pakiti mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje hufunguliwa na msaidizi, ya ndani hutua kwenye meza yangu bila kuguswa na mkono mtupu. Ndani mna kipande cheupe, kikavu, chepesi kama kiini cha boflo kilichokauka. Kikitiwa maji ya chumvi hulegea na kuulalia utando, mara nyingi bila hata kushonwa. Ni kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na kano za mwili, na aina nyingi hutolewa kwenye kano za miguu ya ng'ombe. Chembe za mwili wa kijana huingia katika vitundu vyake na kufuma utando wake mwenyewe. Baada ya miezi, cha ng'ombe kimeyeyuka kikaisha.

Lakini hilo neno "cha asili" sikubali utulizwe nalo. Hakujakuwa na kiraka cha asili kuliko utando wa binadamu mwenzetu, na ndicho kilicholeta msiba. Zamani madaktari wa nchi nyingi walitumia utando wa ubongo uliotolewa kwa maiti, ukakaushwa na kuuawa vijidudu kwa mionzi. Kilichojificha ndani yake hakikuwa kijidudu. Ni prioni, protini iliyokunjika vibaya, na mionzi haiiwezi. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani walitangaza mgonjwa wa kwanza aliyepata ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob kupitia kiraka cha namna hiyo. Ni ugonjwa unaoula ubongo na hauna tiba. Japani peke yake walipatikana zaidi ya watu 140, na wengine dalili zilitokea zaidi ya miaka 20 baada ya upasuaji. Utando wa maiti wengi ulikuwa ukisafishwa pamoja, kwa hiyo mmoja mwenye ugonjwa alitosha kuchafua wa wenzake. Mwaka huo huo wa 1987 watengenezaji walianza kuulowesha kwa soda kostiki, dawa kali inayoweza kuivunja prioni, na mwaka 1997 Japani ikaupiga marufuku kabisa.

Kwa hiyo shemeji yako hajaropoka. Kichaa cha ng'ombe kilichogunduliwa Uingereza mwaka 1986 ni wa ukoo huo huo wa prioni, ndiyo maana viraka vya leo vinatengenezwa kwa kuukwepa. Hatari kubwa kwa ng'ombe imo katika ubongo, uti wa mgongo na macho. Kano ziko mbali na huko. Watengenezaji wanatakiwa waonyeshe ng'ombe wametoka nchi gani na makundi gani, kisha kolajeni husafishwa kwa dawa kali. Kiraka cha namna hii kikiwa na asili inayojulikana, mimi ningemwekea mwanangu.

Asili hiyo utaijua kwa stika. Kila pakiti ina stika ndogo zenye jina la kitu, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho. Moja hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Omba na yako, uitie pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Hospitali moja niliyofanya kazi alirudi mama mmoja miaka sita baada ya upasuaji, akitaka kujua ni nini hasa kilichowekwa kichwani mwake. Faili halikuonekana. Nilimkumbuka yeye, nikakumbuka hata kitanda chake, lakini pakiti ile sikuikumbuka, na hapakuwa na karatasi ya kunikumbusha. Aliondoka bila jibu na bado naona uchungu. Maradhi yanayojificha miaka 20 hufuatiliwa kwa nambari hiyo tu.

Kuna hatari nyingine ambayo hakuna jirani aliyekutajia. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kalafati, akiziba majahazi pale Bandari ya Kale. Alishindilia pamba katikati ya mbao, na chombo kikiingia majini pamba ikavimba, tundu likafungika. Kwenye jahazi uvimbe huo ndio salama yako. Kwenye fuvu ni balaa, kwa sababu mfupa hautanuki, na kinachovimba ndani kitaukandamiza ubongo. Sponji ya jelatini na vitambaa vya selulosi vya kuzuia damu huvimba vikilowa, na baadhi ya gundi za kuzibia utando pia. Daktari makini huweka kidogo, hungoja damu ikome, kisha huondoa kinachoondoleka. Muulize wako atatumia nini zaidi ya kiraka, na atakiacha ndani au atakitoa.

Jirani naye ana sehemu yake ya ukweli. Sponji nyingi za jelatini hutokana na ngozi ya nguruwe, na viraka vingine pia ni vya nguruwe. Vingine ni vya ng'ombe, vingine farasi. Mimi si wa kutoa fatwa. Maulamaa wengi wamesema dharura ya kuokoa maisha ina hukumu yake, lakini mwanao haingii usiku wa manane safari hii, una nafasi ya kumwona sheikh wako. Mwambie daktari mapema, asilisikie kwa mara ya kwanza mlangoni mwa thieta. Muulize pia kuhusu kiraka cha mwili wake mwenyewe: utando wa msuli wa paja au ule unaofunika fuvu. Nimeshuhudia ukikatwa na kushonwa mara nyingi. Hauna prioni ya mtu mwingine, hauna swali la dini, wala haununuliwi. Gharama yake ni kidonda cha pili kwenye paja, na si kila mpasuko unafaa. Kama kijana ana mzio wa jelatini au nyama ya ng'ombe, lisemwe sasa.

Hiyo jeli ya kaka yako ina utafiti wa kweli nyuma yake. Kitosani hutolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, alginati kwenye mwani wa kahawia, na iko asidi ya hayaluroniki ambayo ubongo wenyewe unayo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha kazi yao: waliingiza jeli ya hayaluroniki yenye dawa katika shimo lililoachwa na kiharusi, mishipa ya damu na nyuzi za neva zikaota humo. Nilifurahi nilipoisoma. Lakini walikuwa panya. Na hata vitu hivi vya baharini vikibaki na uchafu kidogo tu, chembe za ulinzi za ubongo huvishambulia na kuzidisha uvimbe. Atakayekuuzia jeli hiyo leo kwa ubongo wa mwanao, mwombe kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu, kisha uangalie kama atakupigia simu tena.

Wala usiingoje. Utando uliochanika na maji yanayovuja ni njia iliyo wazi ya homa ya uti wa mgongo, na hiyo inaweza kumuua wiki hii, wakati prioni tunaihesabu kwa miaka. Kamwone daktari kesho na maswali manne: mnyama gani, ametoka wapi, nini kitaachwa ndani, na stika nitapewa? Akikujibu, tia sahihi.

Akisharudi nyumbani, mkague kila asubuhi. Maji meupe kwenye kidonda au puani, homa, shingo kukakamaa, uvimbe laini unaokua chini ya ngozi ya kichwa, usingizi usio wa kawaida: ukiona moja tu, panda feri umrudishe siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Na niandikie tena, nijue anaendeleaje.