Uliza Mchoraji: Huku kwetu kijani mwaka mzima, nichore nini?

SWALI: Assalaam aleikum kaka. Mie ni mwalimu wa skuli huku Wete, nachora wikiendi na siku za likizo tu, sijasomea popote, najifunza kwa kuangalia video. Sasa tatizo langu, video zote nnazozipata ni za Ulaya na Marekani, mara wanachora majani yamegeuka manjano, mara theluji, mara maua yamechanua baada ya baridi, yaani kila miezi mitatu wenzetu wana kitu kipya. Sie Pemba ni kijani mwaka mzima. Nikitoka nje naona minazi na bahari, picha zangu zote zinafanana na hamu imeanza kunitoka. Nifanye nini?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaikum salaam dada yangu. Hamu isikutoke kabisa. Majira unayo, tena yako mlangoni kwako, ila unayatafuta kwenye majani kwa sababu video zako zinayatafuta huko. Huku kwetu mwaka unakwenda kwa upepo. Nenda pale bandarini Wete umuulize mvuvi yeyote sasa hivi ni msimu gani, atakwambia kaskazi imeshaingia au kusi bado haijatulia, na yeye akisema hivyo anakutajia rangi ya bahari, urefu wa mawimbi, aina ya mawingu, vyote kwa mpigo.

Kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, joto, mwanga mkali, kila kitu kimepauka kwa jua mpaka njia ya udongo mwekundu mchana inaonekana ya waridi. Halafu masika, na Aprili ndo mvua yenyewe. Watu wengi wanafungia brashi masika, na mie nasema huo ndo wakati wa kutoka, simama barazani tu inatosha. Mvua ikikatika na wingu bado limefunga, angalia kijani cha mikarafuu: hakuna mng'aro wa jua wa kukipausha, kinakolea mpaka kinakaribia weusi, na udongo ulorowa chini yake unakuwa mwekundu kwelikweli. Ukitazama ng'ambo, kisiwa cha Fundo kinafutika chote kwenye mvua halafu kinarudi kidogokidogo, kwanza kijivu, baadae buluu, mwisho kijani. Hiyo peke yake ni picha tatu. Kusi ikishika, Juni mpaka Agosti na kipupwe chake, mawingu madogo yanakimbia na vivuli vyake vinapita juu ya maji. Halafu vuli, na mwaka unaanza tena.

Na hilo la kijani mwaka mzima, samahani mwalimu, sikubaliani nalo. Utafute mti wa mkungu uutazame kabla haujapukutisha, majani yake yanageuka mekundu na ya chungwa, ukilishika moja utakuta mshipa wa kati bado una kijani na kingo zimeshaiva. Msufi na mbuyu kiangazi vinabaki matawi matupu. Mwembe ukitoa majani mapya yanaanza na wekundu wa damu ya mzee, yamelegea yananing'inia, na majani machanga ya mkarafuu nayo yanatoka ya waridi. Halafu usichukue kijani cha kwenye tyubu ukakipaka kilivyo, kinatoka kama plastiki. Changanya manjano na buluu mwenyewe, kisha tia nyekundu kidogo sana ya kukituliza. Na jani la mkarafuu linateleza, kwa hiyo pale linapong'aa usitie manjano, linaakisi anga, tia buluu nyepesi.

Msimu wa karafuu ndo usiuache ukupite hata siku moja. Chukua stuli ukae karibu na jamvi la mtu, kwa ruhusa yake, utazame karafuu zinavyoanikwa. Za leo zina kijani na vichwa vya waridi, za jana zimeanza kuwa nyekundu kavu, za juzi kahawia iliyokolea, na makonyo, vile vijiti vyake, yametengwa pembeni na rangi yao nyengine. Ulaya hawana kitu hichi! Wao wanasubiri miezi waone rangi zikibadilika, wewe unaziona kwenye jamvi moja ndani ya wiki.

Kuna kitu chengine video za kule haziwezi kukufundisha, nacho ni kivuli. Kule Ulaya saa sita mchana jua liko upande wa kusini mwaka mzima. Letu linahama. Juni jua la saa sita liko kaskazini na kivuli cha mnazi kinalala kusini, Desemba ni kinyume chake, na mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, mnazi unakikanyaga kivuli chake wenyewe. Ukiiga vivuli vya kwenye video picha yako itaonekana ya kigeni na hutajua kwa nini.

Basi fanya hivi: chagua pahala pamoja tu, pawe karibu na nyumbani ili usipate kisingizio, na uchore hapohapo kila upepo ukigeuka, picha ndogo za ukubwa wa ukurasa wa daftari. Nyuma ya picha andika tarehe, upepo gani, na maji yamejaa au yamekupwa, maana siku za bamvu, maji yanapojaa na kukupwa sana, pwani inakuwa pahala pengine kabisa. Claude Monet yule Mfaransa mwaka 1890 na 1891 alichora marundo yaleyale ya nafaka karibu na nyumbani kwake Giverny, asubuhi, jioni, kwenye theluji, kwenye jua, na hakuna picha inayofanana na mwenzie. Wewe una mkarafuu, kamata huo.

SWALI: Shikamoo kaka. Mie kijana wa Jambiani, nachora kwa rangi za maji, napenda kuchora mashamba ya mwani maji yakikupwa. Masika karatasi zangu zinajikunja na zimeota madoa ya koga. Nachanganyikiwa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuuchora mwani, kazi hiyo ipo pwani kwenu toka 1989 na wachoraji wengi wanaipita wanakimbilia jahazi. Karatasi nunua nzito, ile ya gramu 300, na uibandike kwa tepu pande zote nne kwenye ubao kabla hujatia maji, uitoe ikishakauka kabisa. Usiziegemeze ukutani, khasa nyumba ya mawe na chokaa, ukuta unanyonya unyevu. Ziweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakti wanavyotia kwenye maboksi ya viatu. Kibati cha rangi kiache wazi kikauke kwanza ndo ukifunge, koga inaanzia humo.

Ila masika usiichukie, karatasi inachelewa kukauka na hiyo ni nafasi ya kuchora mawingu, rangi mbili zinaingiliana taratibu bila kuacha mstari. Kaskazi huipati nafasi hiyo, unaanza upande mmoja na kabla hujafika wa pili pameshakauka. Wanaotumia akriliki kaskazi watandike kitambaa kibichi kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea keki, halafu rangi juu ya karatasi, hapo itakaa laini muda mrefu.

SWALI: Kaka, kuna ubaya kuchora kutoka kwenye picha ya simu? Kazini natoka jioni, mwanga wa kuchora hakuna.
Msomaji, Mjini Unguja

JIBU: Hamna ubaya, ila simu iamini kwenye umbo tu, usiiamini kwenye rangi. Ukipiga mchanga mweupe unaungua wote, ukipiga uchochoro wa Mji Mkongwe kivuli kinakuwa cheusi tititi, na jicho lako pale lilikiona kina buluu na zambarau. Kwa hiyo piga picha, hapohapo toa penseli uandike: ukuta manjano hafifu, kivuli buluu, mlango kahawia yenye wekundu. Na hiyo jioni yako inatosha kabisa, shuka Forodhani na karatasi ndogo uanze na rangi za mawingu, jahazi lipige picha kwa simu ulichore nyumbani.