Jarida la mauzo, leja, na nani hasa ndiye mdai?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nafundisha kikundi cha wafanyabiashara wa soko la Kibuye, Kisumu, namna ya kuweka vitabu vya biashara. Notisi nilizopewa zinasema "jarida la mauzo" na "jarida la manunuzi". Kila nikitaja jarida darasa linaangua kicheko, eti wao hawasomi magazeti dukani. Tukifika kwenye leja ya wadai na leja ya wadaiwa, hapo tunachanganyikiwa sote, mimi nikiwemo. Tuyaiteje mambo haya? Na je, pesa ya M-Pesa ni "taslimu"?

JIBU: Sijambo, mwalimu mwenzangu. Darasa lako limecheka kwa haki. Kwa Mkenya wa kawaida jarida ni chapisho lenye makala na picha, la kila wiki au kila mwezi. Aliyetayarisha notisi zako alipita njia ya mkato: Kiingereza kina neno moja, "journal", kwa chapisho na kwa kitabu cha hesabu, basi akaona jarida nalo libebeshwe mizigo yote miwili. Neno hilo la Kiingereza limetoka kwa Wafaransa, na mzizi wake ni "siku". Ni kitabu cha kuandika mambo kadiri yanavyotokea, leo kwa leo, na maana hiyo haimo katika jarida letu.

Kuna atakayependekeza shajara, kwa kuwa waliopita sekondari wanaijua kama maandishi ya mambo ya kila siku. Mimi siipendekezi. Muuza nyanya ambaye hakufika kidato cha tatu utakuwa umemtoa kwenye neno moja geni ukamtia kwenye jingine.

Ningesema daftari. Daftari la mauzo, daftari la manunuzi, daftari la mapokezi, daftari la malipo. Hakuna atakayecheka. Na kile kitabu cha mambo yasiyo na daftari lake, kwa mfano kununua jokofu la duka kwa deni au kusahihisha kosa la mwezi uliopita, kiite daftari la mengineyo. Wanaojiandaa kwa mitihani ya uhasibu waambie kwamba huenda wakakutana na "jarida", walijue wakiliona, lakini wasilazimishwe kulitumia sokoni.

Najua utauliza: leja nayo si daftari? Ukiishika mkononi, ni daftari. Zote mbili huenda ni kaunta buku za bei moja kutoka duka moja. Hata Luca Pacioli, yule mtawa wa Kifransisko aliyechapisha maelezo ya uwekaji hesabu wa pande mbili (kila jambo kuandikwa mara mbili) mjini Venisi mwaka 1494, kitabu tunachokiita leja alikiita kwa neno la Kitaliano ambalo leo ni daftari la kawaida la mwanafunzi. Tofauti iko katika mpangilio. Daftari hufuata tarehe, leja hufuata jina.

Lionyeshe darasa lako hivi. Duka la jumla limeuza kwa deni mara tatu. Machi 3, mwenye hoteli kachukua gunia la sukari, Sh 7,000. Siku hiyo hiyo mwenye kioski kachukua unga wa Sh 3,600. Machi 5, mwenye hoteli karudi kuchukua mtungi wa mafuta ya kupikia, Sh 4,800. Katika daftari la mauzo hiyo ni mistari mitatu iliyofuatana kama mambo yalivyotokea, na jumla yake ni Sh 15,400. Lakini mwenye hoteli akiuliza, "Deni langu limefika ngapi?" hutaki kupekua kurasa zote ukimtafuta. Unafungua leja kwenye ukurasa wake, unaikuta 7,000, unaikuta 4,800, unamjibu 11,800. Ukurasa wa kioski una 3,600. Ukijumlisha kurasa hizo mbili unapata 15,400 ile ile ya daftari. Isipolingana, kuna mstari uliorukwa au uliohamishwa mara mbili.

Hapo nimesema "kuhamisha", na ndilo neno ninalolipendelea kwa kazi ya kutoa tarakimu kwenye daftari na kuziingiza kwenye leja. Vijana wa vyuo husema kuposti. Wanaelewana, sina ugomvi nao, ila kwa watu wengi kuposti siku hizi ni kutupia picha mtandaoni, na picha za madeni ya wateja hazifai kufika huko.

Jina "daftari la mauzo" lina mtego mmoja, nao ni wa lugha kabla haujawa wa hesabu. Mtu akisoma "mauzo" kwenye jalada ataandika humo kila alichouza, hata kilicholipiwa papo hapo. Jioni anaiandika tena pesa hiyo kwenye daftari la mapokezi, na mwisho wa mwezi duka linaonekana limeuza kuliko lilivyouza. Daftari hili ni la mauzo ya deni peke yake. Basi jalada liseme hivyo: Daftari la mauzo ya deni. Naona notisi nyingi huandika "mauzo ya mkopo", na hilo nalo lina kasoro yake. Huku kwetu mkopo ni pesa ya sacco, ya benki au ya chama, na mtu anayesikia "mauzo ya mkopo" anaweza kudhani kuna mtu anauza mikopo. Sukari iliyochukuliwa bila kulipiwa tunaiita deni, toka Kondele mpaka Kakamega.

Sasa wadai na wadaiwa. Sarufi yenyewe ni nyepesi. Mdai ndiye anayedai, mdaiwa ndiye anayedaiwa. Ni ile -wa ya kutendwa tunayoiona katika mshtakiwa na mteuliwa. Mwenye hoteli alichukua sukari yako, wewe unamdai, yeye ni mdaiwa. Kampuni iliyokuletea magunia hayo na hujailipa inakudai, kwa hiyo ni mdai wako. Daftari la mauzo ya deni linahamishiwa leja ya wadaiwa, daftari la manunuzi ya deni linahamishiwa leja ya wadai.

Kama ni rahisi hivyo, mbona mnachanganyikiwa? Nadhani kuna sababu mbili. Ya kwanza ni sikio: maneno hayo yanatofautiana kwa silabi moja ya mwisho, na katika kelele za darasa silabi hiyo humezwa. Ya pili ni deni lenyewe. "Deni langu" linaweza kuwa ninalodaiwa au ninalodai. Mama wa omena akimwambia mteja, "Nimekuja kuchukua deni langu," anakuja kuchukua pesa yake. Mteja akijibu, "Deni langu nitalipa Ijumaa," anazungumzia pesa ile ile kutoka upande wa pili. Hakuna aliyekosea, na hakuna asiyeelewa kwa sababu wamesimama uso kwa uso. Andika "deni langu: 2,000" kwenye karatasi, uiache wiki mbili, halafu umwombe mtu mwingine aisome. Ndiyo maana kwenye vitabu nawasihi watu watumie vitenzi: namdai fulani, nadaiwa na fulani. Kitenzi hakina sura mbili. (Na ni deni langu, madeni yangu. "Deni yangu" tuiache mitaani.)

Kwa darasa la Kibuye ningepiga hatua moja zaidi, nitumie neno ambalo wengi wao tayari wanalo: mdeni. Liko katika Mathayo 6:12, "tuwasamehevyo wadeni wetu", na waliolelewa kanisani wanalijua bila kufundishwa. Mdeni ni yule mwenye deni, yaani anayepaswa kulipa, na kamusi zinalikubali. Leja ya wadeni na leja ya wadai: hapo sikio halipotezi kitu. Pwani kuna mwia, yaani anayedai, neno zuri na la kale, lakini ukilipeleka ziwani itabidi ulisindikize kwa maelezo kila mara.

Bidhaa zilizorudishwa zina madaftari yake mawili, za wateja kwetu na zetu kwa waliotuuzia, na hakuna haja ya kutafuta jina fupi. Andika "bidhaa zilizorudishwa na wateja" na "bidhaa tulizorudisha". Debiti na krediti, yaani upande wa kushoto na wa kulia wa ukurasa wa leja, ziache zilivyo. Nimesikia majaribio mengi ya kuzitafsiri na kila jaribio liliishia kumfanya mwanafunzi adhani krediti ni kitu kizuri na debiti ni hasara. Kilichobaki baada ya malipo ni salio, na hilo simu zimetufundisha sote. Mwenye hoteli akileta Sh 5,000 Machi 9, salio lake ni Sh 6,800.

Na hilo la M-Pesa. Taslimu si noti na sarafu peke yake. Neno hili ni la Kiarabu lenye maana ya kukabidhi, na katika Kiswahili cha biashara kinyume chake ni deni, si simu. Bei ya taslimu ni bei ya kulipa sasa. Mteja aliyetuma Sh 350 kwenye nambari yako ya till, na ujumbe ukaingia kabla hajatoka mlangoni, amelipa taslimu sawasawa na aliyekupa noti. Anaandikwa kwenye daftari la mapokezi siku hiyo hiyo. Tengenezeni tu safu mbili humo, ya pesa mkononi na ya pesa kwenye simu, kwa sababu jioni mnazihesabu mahali tofauti na moja ina makato.

Yule anayesema, "Nitakutumia jioni, mama," huku simu anaipungia hewani, hajalipa taslimu. Huyo ni mdeni, na jina lake linaingia kwenye daftari la mauzo ya deni kabla hajavuka barabara.