Wasomaji Wauliza: Treni ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), kutoka Dar es Salaam kuelekea kusini

SWALI: Ndugu Mhariri, nataka kumrudisha baba yangu nyumbani Mbeya baada ya matibabu. Umri wake umepita miaka 70 na miguu humvimba akikaa kwenye basi muda mrefu. Tutakuwa na wanangu wawili. Ndugu zangu wananicheka, wanasema treni ni ya watu wasio na haraka. Je, wanasema kweli? Na nikate tiketi ya daraja gani?
Mama wa watoto wawili, Temeke

JIBU: Dada yetu, pole kwa kuuguza. Ndugu zako wanasema kweli kuhusu mwendo, lakini wewe hukuuliza habari za mwendo, umeuliza habari za miguu ya mzee. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa reli ni takriban kilomita 850, na hata ratiba yenyewe huihesabu safari hiyo kuwa ya mchana na usiku, achilia mbali saa ambazo treni huchelewa njiani. Mgonjwa anayeweza kujinyoosha kitandani, akainuka, akatembea kwenye ujia wa behewa na kwenda msalani bila kumwomba dereva asimamishe gari, atafika akiwa na hali nzuri kuliko yule aliyekaa kitako kutwa nzima, hata kama huyo wa pili amefika mapema zaidi.

Kuhusu daraja, la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne na la pili lina vyumba vya vitanda sita, na baada ya hapo ni viti. Utaratibu wa treni hii ni kwamba wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja, isipokuwa pale ambapo wasafiri wa kundi moja wamekinunua chumba kizima. Ninyi mko wanne, kwa hiyo kateni chumba kizima cha daraja la kwanza. Mkikata tiketi mojamoja, huenda mzee akajikuta amelala na wageni nawe ukawa behewa jingine ukihangaika. Kitanda cha chini kiwe chake. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha, karatasi za msalani, na nguo nzito, kwa sababu kuanzia Makambako baridi si ya mchezo, hasa mwezi Juni na Julai. Chakula kisikusumbue: lipo behewa la chakula, na kwenye stesheni za njiani wachuuzi huja hadi dirishani.

Yako mambo mawili ya kuepuka. Usimpangie mzee miadi ya hospitali siku ileile ya kufika. Wala usitegemee ratiba uliyosimuliwa na mtu aliyesafiri mwaka juzi, kwa kuwa siku na saa za treni hii zimekuwa zikibadilika. Nenda mwenyewe stesheni ya TAZARA, pale jirani na daraja la juu la Mfugale, ukahakikishe kabla ya kulipa.

SWALI: Mhariri, mimi naishi Morogoro na kwetu ni Ifakara. Reli ya kisasa imefika mjini kwetu, na TAZARA inapita Ifakara. Kwa nini serikali isiunganishe reli hizo mbili, nikapanda treni moja mpaka nyumbani? Naona kama ni uzembe tu.
Kijana wa Kihonda

JIBU: Tunakuelewa, lakini lawama ya uzembe hapa tunaikataa, kwa kuwa jambo lenyewe liko kwenye vyuma. Nchi yetu ina reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati ya zamani, iliyoanza kujengwa wakati wa Wajerumani, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina milimita 1,067. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435. Gurudumu lililotengenezwa kwa upana mmoja haliwezi kupita juu ya mwingine, hata tofauti ikiwa ni ya milimita 67 tu. Ndiyo maana Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa hukutana na TAZARA, kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka treni moja kwenda nyingine badala ya treni kuendelea na safari.

Utauliza kwa nini basi TAZARA haikujengwa kwa kipimo cha Reli ya Kati. Jibu liko upande wa pili wa reli, Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia (leo Zimbabwe) walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikipitia huko kwenda baharini, ikajikuta imeshikwa koo na jirani. Rais Kaunda na Mwalimu Nyerere walitafuta njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam. Nchi za Magharibi zilisema reli hiyo haitalipa, China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860. Kipimo cha milimita 1,067 ndicho kinachotumika Zambia na sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, na faida yake ni kwamba behewa linaweza kutoka Dar es Salaam likafika Afrika Kusini. Treni ya kitalii ya Rovos Rail hufanya hivyo kati ya Cape Town na Dar es Salaam. Kwa hiyo wajenzi walichagua kuungana na Zambia, si na Kilosa, na kwa sababu iliyoifanya reli ijengwe, hatuoni kama walikuwa na hiari nyingine.

Kwako wewe, njia fupi bado ni basi la kupitia Mikumi na Kidatu.

SWALI: Ninafundisha Makambako na nataka kuwashusha wanafunzi wangu kwa treni mpaka Mang'ula. Tuwe macho zaidi sehemu gani?
Mwalimu wa jiografia

JIBU: Mwalimu, mtaanzia palepale penye utajiri. Kati ya Makambako na Mlimba, umbali wa kilomita 157, reli inateremka kutoka nyanda za juu hadi bonde la Kilombero kupitia mahandaki 18 na madaraja 46. Daraja la mto Mpanga lina nguzo zenye kimo cha meta 50. Wanafunzi walitazame wakiwa wameketi, vichwa ndani ya dirisha, na kila behewa liwe na mwalimu wake. Mlimba kuna joto, na mimea imeshabadilika: hilo ni somo la mwinuko na hali ya hewa ambalo ubaoni huchukua wiki. Mang'ula ndiko yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Andikeni barua ya maombi hifadhini mapema. Kuwaona tembo na twiga kutoka dirishani itabidi muendelee na treni hadi Hifadhi ya Nyerere, na tena ipite mchana.

SWALI: Nikienda Zambia na treni hii kibiashara, mpakani inakuwaje?
Mfanyabiashara wa Kariakoo

JIBU: Maofisa uhamiaji huingia ndani ya treni, wa Tanzania upande wa Tunduma na wa Zambia upande wa Nakonde, kwa hiyo pasipoti yako isiwe chini ya marobota. Wabadilisha fedha nao huingia. Ujue kiwango cha kwacha kabla hujafika, na uhesabu noti unazopewa kabla ya kuachia zako. Rudisha saa nyuma kwa saa 1. Treni inaishia Kapiri Mposhi, si Lusaka, na stesheni ya TAZARA pale si ile ya Reli ya Zambia. Kama treni imeingia usiku, subiri kupambazuke ndipo utafute basi la Lusaka.